UZI: Fumo Liyongo ndani ya Wesnoth. Shujaa asiyeuawa anachezekaje?

#1 · mwanaramani

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, na ni wa wapenzi wa magemu ya zamu, hasa wale wanaopenda kufungua mafaili na kutengeneza cha kwao. Natengeneza kampeni (hadithi inayochezwa senario moja baada ya nyingine) ya Fumo Liyongo ndani ya Battle for Wesnoth na nimefika mahali pa kuomba mawazo.

Kwa wasioijua: Wesnoth ni gemu ya bure, msimbo wake (code) uko wazi kwa kila mtu, ilianzishwa na David White mwaka 2003 na hadi leo inaendelezwa na watu wa kujitolea. Ramani yake imegawanywa vyumba vya pembe sita. Unacheza zamu yako yote, ukimaliza anacheza mpinzani. Siku ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, machweo, halafu zamu mbili za usiku. Askari wa mchana hupiga kwa asilimia 25 zaidi jua likiwepo na hupungukiwa asilimia 25 usiku. Askari wa usiku kinyume chake. Vijiji vinaleta dhahabu, na aliyeanza zamu yake kijijini anarudishiwa uhai 8. Ardhi nayo inakinga: mtu wa miguu akiwa kijijini au ngomeni anakwepa asilimia 60 ya mapigo, uwanda mtupu 40, kwenye maji ya kina kifupi 20 tu. Ukiyashika hayo umeshaielewa nusu ya gemu.

Nimeichagua kwa sababu senario nzima ni maandishi. Unafungua folda yako, unaandika faili kwa WML, lugha yao wenyewe: pande zinazopigana, malengo, matukio. Hata ramani ni herufi tu. Gg ni majani, Ww maji ya kina kifupi, Ss kinamasi, Ds mchanga wa pwani. Mtu mwenye kompyuta ya zamani na programu ya kuandikia anaweza kuanza usiku wa leo.

Sasa Liyongo. Wengi wetu tumemkuta shuleni au kwa bibi zetu: jitu la pwani ya kaskazini, mshairi, mpiga upinde, mtu ambaye mfalme wa Pate, kisiwa jirani na Lamu, hakupata usingizi kwa ajili yake. Silaha hazimwingii. Kinachomuua ni kimoja, sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na siri hiyo anaijua yeye na mama yake. Alifungwa akatoroka kwa tupa, chombo cha kukerezea chuma, iliyofichwa ndani ya mkate. Akatumiwa wawindaji wamuue juu ya mkoma, mti wa jamii ya mitende, akawashinda akili. Mwisho akauawa na mwanawe wa kumzaa.

Kwa msimuliaji hiyo ni hadithi tamu. Kwa mtengeneza gemu ni mtihani. Raha yote ya gemu ya zamu iko kwenye kuhesabu hatari: nikimsogeza huyu chumba kimoja mbele, maadui watatu watamfikia, je, atapona? Shujaa asiyekufa anafuta swali hilo. Utamweka katikati ya jeshi, utabonyeza kitufe cha kumaliza zamu, basi. Kufika senario ya pili umeshachoka.

Modi (nyongeza za mashabiki) nyingi za kifantasia nilizocheza zinajibu kwa kuongeza makali. Shujaa ana nguvu, basi adui apewe joka. Joka limekuwa jepesi, yaletwe matatu. Baada ya hapo ni namba kubwa zinagongana na namba kubwa, na ile hadithi imebaki kwenye maneno ya utangulizi ambayo watu wanayaruka. Naamini tofauti: ajabu ya hadithi iingie kwenye kanuni zilizopo tayari, kwenye muda, ardhi, dhahabu na nafasi ya kupigwa. Mchezaji aifahamu kwa kuicheza, hata asiposoma neno.

Kwa hiyo kutokufa kwa Liyongo sasa kuna bei. Wesnoth ina tukio linaloitwa "last breath", linalofyatuka uhai wa askari ukiisha, kabla hajaondolewa kwenye ramani. Ukimrudishia uhai ndani ya tukio hilo, hafi. Nimeweka sharti: aliyempiga akiwa hana sindano ya shaba, Liyongo anarudishiwa nusu ya uhai, anahamishiwa ukingo wa msitu, na anakosa zamu mbili. Vijiji alivyokuwa anavilinda vinabaki wazi. Na zaidi ya hapo, kaunta inapanda. Nimeiita "siri". Kila akianguka akainuka mbele ya macho ya askari wa Pate, habari inamfikia mfalme kwamba huyu mtu chuma hakimuui, na mfalme anaanza kuuliza kinachomuua ni nini. Siri ikifika 5, senario ya usaliti inakuja mapema, ukiwa bado hujajiandaa.

Mchezaji anaruhusiwa kabisa kumtupa Liyongo kwenye moto. Atalipa baadaye, na anajua atalipa.

Senario ninayojivunia ni ya gerezani. Liyongo yuko kwenye chumba kimoja, hasogei. Unawaongoza Saada, mjakazi wa mama yake, pamoja na kundi la wachezaji wa gungu, ngoma ya jadi ya pwani. Mkate wa wishwa wenye tupa ndani umeshapita, kwa sababu walinzi waliutazama wakaona haufai kuliwa. Sasa pingu zinakatwa, lakini tupa inalia, na kelele lazima ifunikwe. Kila mpiga ngoma au matoazi aliye ndani ya vyumba viwili kutoka gerezani anaongeza 3 kwenye kukata. Zamu ikipita bila mpigaji hata mmoja karibu, mlinzi wa jirani anasikia. Pingu zinakatika hesabu ikifika 40. Senario inaanza machweo, ngoma inaruhusiwa usiku tu, na walinzi ni askari wa mchana kwa hiyo usiku mapigo yao ni dhaifu. Alfajiri ikikukuta pingu hazijakatika, umeshindwa.

Hakuna pigano la lazima. Kazi yako ni kupanga watu watakaa wapi, na nani atakwenda kumpotezea muda mlinzi anayezunguka. Mmoja wa wapigaji wako ana leveli 0, maana yake adui anapita jirani naye bila kuzuiwa. Ukimweka mlangoni hazuii kitu.

Kilichonikwama ni senario mbili za mwisho, ya mwana na ya kisimani anapofia. Nikianza na ya mwana: nani amwongoze yule kijana? Mchezaji au kompyuta? Karibuni.

#2 · dogo_wa_mafaili

Mkuu heshima kwako. Kabla ya mwana, nirudi kwenye kutokufa. Kwa nini usimpe kinga tu? Gemu ina aina sita za madhara: kukata, kuchoma, kuponda, moto, baridi na nguvu za kiroho. Kwenye faili la askari unaandika dhara kiasi gani kinapita. Ukiandika 70, kinga ni asilimia 30. Mpe 30 kwenye kukata, kuchoma na kuponda, amekuwa jitu, na bado hatari ipo. Hakuna kaunta, hakuna tukio. Kanuni zilizopo tayari, kama ulivyosema mwenyewe.

#3 · mwanaramani

@dogo_wa_mafaili hoja nzuri, na kinga nimempa, lakini ya kiasi: 60 kwenye kukata na kuchoma. Kinga peke yake inasema "huyu ni mgumu". Hadithi inasema "huyu hafi". Mchezaji akiona uhai umefika sifuri na Liyongo akainuka, hiyo ndiyo ajabu yenyewe, na askari wa mfalme wameiona pamoja naye. Kinga ya asilimia 70 inamfanya kuwa ukuta. Watu watamweka kwenye kivuko cha mto wamsahau hapo.

#4 · binti_shela

Kaka mwanaramani, ahsante kwa kazi hii. Mimi ni wa Lamu, hadithi hii tumelala nayo.

Nakuomba jambo moja. Usimfanye Saada akawa wa kubeba mkate tu kisha apotee. Yeye ndiye aliyekuwa anapita mbele ya walinzi kila siku, anadhihakiwa, chakula kizuri kinaporwa mikononi mwake. Ndiye anayezijua sura zao na zamu zao. Kwenye gemu yako mpe uwezo wa kupita katikati ya maadui bila kusimamishwa, na abaki kwenye kampeni hadi mwisho. Mama naye vivyo hivyo. Bila ya wanawake hawa wawili Liyongo angeozea kifungoni.

Kuhusu mwana: mpe mchezaji. Kompyuta ikimchoma Liyongo, mtu atakasirika na kompyuta. Kijana yule alifika na sindano, akamkuta babake amelala, akaogopa. Akarudi tena. Akaogopa tena. Mchezaji ayapitie hayo.

#5 · mzee_wa_zamu

Nampinga dada hapo juu kwa heshima zote. Kampeni nzima umenilea naye, nimemlinda, halafu unipe kijana nikamuue? Nitafunga gemu. Na nikifunga hapo sitaona senario ya kisimani, ambayo kwangu ndiyo kilele cha hadithi yote.

Pendekezo: kijana aje mapema, upande wetu. Askari wa kawaida, mzuri, mwenye bidii. Mfanye awe na uongozi, ule unaowaongezea wadogo wa jirani asilimia 25 kwa kila tofauti ya leveli, ili tumhitaji karibu kila pigano. Tumzoee. Ile senario ya usiku ikianza, yuko upande wetu bado, ila zamu ya pili ya usiku anabadilishwa upande. Kama mchezaji amemweka kitanda kwa kitanda na babake kwa sababu ya ule uongozi, ndiyo basi.

Halafu la kiufundi, mwanaramani, naona hujaligusa. Kompyuta haijui tukio lako. Inaangalia namba: dhara gani nitaleta, nitapoteza nini. Kiwango chake cha ukali kwa kawaida ni 0.4, tahadhari 0.25. Itamwona Liyongo ana uhai mdogo, itamrushia watu, atainuka, itawarusha tena. Kila anayekufa mbele yake anampa uzoefu wa kupanda leveli, 8 kwa kila leveli ya aliyeuawa. Na akiwa leveli ya mwisho, kila akijaza uzoefu anaponywa kabisa na kuongezewa uhai 3. Ile bei yako haitalipwa kamwe. Jeshi la Pate litakuwa dawa yake.

#6 · mwanaramani

@mzee_wa_zamu hilo la uzoefu umenifungua macho, na ni kweli tupu. Nafuta kupanda kwake kabisa: Liyongo hapati faida yoyote kwa kujaza uzoefu, anaanza kampeni akiwa Liyongo na anamaliza akiwa Liyongo. Wanaokua ni waliomzunguka, Saada, wapigaji gungu na wale wanaojiunga naye msituni. Hapo mchezaji ana sababu ya kumrudisha nyuma ili wadogo wapate uzoefu, na hiyo inapunguza kuanguka kwake, kwa hiyo siri inapanda taratibu. Mambo mawili yamesaidiana.

Ukali wa kompyuta nauacha juu kwenye senario ya kwanza, wakati Pate hawajui. Siri ikipanda naushusha na tahadhari naipandisha. Mchezaji ataona askari wa mfalme wanaanza kumkwepa. Sihitaji kuandika mstari wowote wa maelezo.

@binti_shela Saada ameshapata uwezo huo, nimebadilisha faili asubuhi hii. Kuhusu mwana naona njia ya mzee ina nguvu, lakini ile hofu ya kijana uliyoitaja sitaki kuipoteza. Labda baada ya kubadilishwa upande, asimchome mara moja. Kila zamu anasogea na tukio linapima: kama mama au Saada yuko ndani ya vyumba vitatu, kijana anarudi nyuma. Mchezaji aliyewaweka karibu anapata zamu za ziada kuwaondoa watu wake kabla ya mapambazuko. Liyongo hataokoka, hilo silibadilishi.

#7 · binti_shela

Hivyo nimeridhika. Ila ile ya mkoma usije ukaiacha. Wale wawindaji walitaka kila mtu apande kwa zamu yake aangushe makoma, ili yeye akipanda wamfume mishale akiwa juu. Yeye akayaangusha kwa mshale akiwa chini. Hiyo imekuja tayari kwa gemu ya zamu.

#8 · mwanaramani

Ipo! Chumba cha mkoma kina nafasi ya kukwepa asilimia 20 tu, na kila zamu lazima mmoja awe ndani yake. Upinde wa Liyongo una shabaha ya asilimia 60 akishambulia, hata adui akiwa mahali pazuri kiasi gani, kwa hiyo anaweza kuangusha makoma akiwa chumba cha jirani. Gemu haimwambii mchezaji kwamba inawezekana. Ataona alama ya shambulio ikitokea juu ya mti.

#9 · kijana_wa_picha

Sijacheza Wesnoth muda mrefu lakini naweza kuchora. Vipimo?

#10 · dogo_wa_mafaili

@kijana_wa_picha askari wa kawaida ni pikseli 72 kwa 72. Sehemu za nguo zinazobeba rangi ya upande zipake majenta, gemu yenyewe itaibadilisha kuwa nyekundu au buluu. Kikoi cha mchezaji gungu kingefaa sana kwa hilo. Na usichukue picha ya mtu mtandaoni ukaibadilisha kidogo. Kazi inayopakiwa kwenye seva yao ya nyongeza lazima iwe na leseni huria, wako makini.

#11 · mpenda_mazimwi

Wakuu mbona sioni majini? Mada ni fantasia. Pale mikokoni pawekwe majini ya maji, usiku yatoke.

#12 · mwanaramani

@mpenda_mazimwi nimelifikiria kwa muda. Hadithi ina jitu lililotoa ndani ya mkoba wake kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu na mafiga, watu wakabaki wameduwaa. Ajabu imeshatosha. Nikiongeza majini, Liyongo anakuwa mmoja kati ya maajabu mengi na mfalme hana tena sababu ya kumwogopa yeye peke yake.

Mikoko yenyewe ndiyo nimeipa uzito. Nimetengeneza aina mpya ya ardhi kwa kuunganisha msitu na kinamasi. Kinamasi kinamgharimu mtu wa miguu hatua 3 na kumwachia ukwepaji wa 20. Msitu ni hatua 2 na ukwepaji wa 50. Faili linakuruhusu kuchagua uchukue kibaya au kizuri cha kila kimoja. Nimechukua mwendo mbaya na kinga nzuri. Ukiingia mikokoni unakawia lakini hupatikani. Ndivyo mtu anavyojificha kule.

#13 · mzee_wa_zamu

Turudi kisimani. Hadithi: amechomwa, anaamka, anachukua upinde, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti na mshale uko tayari kwenye uta, anafia hapo hapo. Watu wanamwona kwa mbali wanadhani yu hai, hakuna anayethubutu kuteka maji. Utafanyaje? Wazo langu la haraka ni kumgeuza jiwe, hali hiyo ipo kwenye gemu.

#14 · dogo_wa_mafaili

Hapana mzee. Aliyegeuzwa jiwe hazuii tena njia. Watu watapita jirani naye kama hayupo, na hofu yote imekwenda. Aachwe askari kamili, hatua zifanywe sifuri kila zamu na mashambulizi sifuri. Bado atawazuia wanaopita jirani.

Ila kuna shida. Gemu hii haifichi kitu. Mtu akimwekea kishale cha kipanya anaona kila namba pembeni. Ukiandika uhai 1 au ukiondoa silaha zake, amejua.

#15 · binti_shela

Basi usiondoe kitu! Mwache na uhai wake wote na upinde wake wote.

#16 · mwanaramani

Dada umelimaliza. Nifafanue kwa wengine.

Senario ya kisimani mchezaji anaongoza watu wa mji. Kisima ni kimoja. Kila zamu bila maji, kila mtu anapungua uhai 4, na vijiji haviponyi. Liyongo amepiga goti chumba cha jirani na kisima, namba zake zote ziko kamili. Ukimchagua mtu wako ukaelekeza kwake, gemu inafungua dirisha la makadirio kabla hujathibitisha, na dirisha linasema kweli kama linavyosema siku zote: mtu wako ana uwezekano mkubwa wa kufa. Gemu inakokotoa kwa namba za mtu aliye hai. Hofu ya watu wa Pate inakuwa ile asilimia kwenye kioo chako. Utalifunga dirisha, utamrudisha mtu wako nyuma, zamu itaisha, kiu itawapunguza tena.

Njia ni mbili. Ya kwanza, kumtafuta mama aliye mbali upande wa pili wa ramani, kumleta salama, na kumfikisha jirani na mwanawe. Hapo tukio linafyatuka na anaanguka. Ya pili, mtu yeyote akithibitisha shambulio, tukio la shambulio linatangulia pigano, nalo linamwondoa Liyongo kabla pigo halijapigwa. Yaani angeweza kwenda mtoto yeyote, zamu ya kwanza kabisa.

#17 · mzee_wa_zamu

Nimesoma mara mbili. Usibadilishe kitu hapo. Zamu ngapi?

#18 · mwanaramani

Naanza na 12, ambazo ni siku mbili za gemu. Mama namweka umbali wa zamu saba kwenda na kurudi kwa mwendo wa kawaida, tisa kwa anayezunguka mikoko. Nitaweka pia ngazi tatu za ugumu, tofauti iwe kwenye kiu tu: 3, 4 na 6. Faili la senario ya gerezani na la mkoma napakia kesho usiku hapa hapa. @dogo_wa_mafaili naomba uyapitishe kwenye wmllint, programu ya kukagua makosa ya WML, kabla wengine hawajapakua, na @binti_shela unisahihishie maneno ya Saada, nataka azungumze Kiamu, lahaja ya Lamu, cha kweli.